Mchoraji Hana Deni la Twiga

Unasimama mbele ya kazi ya Justus Kyalo, bati lililoliwa na kemikali hadi likashika kutu, halafu unacheka: "Hii hata mtoto anaweza." Kweli?

Huku Kasikeu tumekulia chini ya mabati. Tunajua kutu inavyotambaa mvua baada ya mvua. Na susu alipotusukia kiondo, mistari yake haikuwa ng'ombe wala mlima, na hakuna aliyemuuliza, "Sasa hii ni nini?" Sanaa dhahania tulikuwa tunabebea mahindi!

Shida ni kwamba tumezoeshwa picha za kuuzia watalii, twiga na machweo, tukadhani sanaa imeishia hapo. Mchoraji hana deni la twiga. Mwenye deni ni wewe: dakika tano za kutazama, kimya.