Maharage ya Juu na Maharage ya Chini

Mwezi huu twataka kunena juu ya kusema kweli na juu ya moyo mkunjufu, maana wengi hudhani ya kwamba mambo hayo mawili hayakai nyumba moja. Husema, mtu wa kweli hana budi kuwa mkali, na mwenye maneno ya kutia moyo hana budi kuficha kidogo. Sisi nasi tulidhani hivyo, tukamdhuru jirani.

Hapa Matai, mavuno yakiisha, habari kubwa ni debe na gunia. Debe sita hufanya gunia moja, karibu kilo 100. Huja wanunuzi na malori yao, nao hutaka lumbesa, yaani gunia lililoongezwa kichwa juu na kufungwa kwa kamba, walipe bei ya gunia moja. Sheria ya vipimo hukataza gunia la mazao kupita kilo 100, lakini lumbesa haijakoma. Twanung'unika, na ni haki yetu. Walakini tuzitazame na debe zetu wenyewe. Wako wabonyezao kitako cha debe kiingie ndani wakati wa kuuza. Watu sokoni wajua, wala hapana asemaye.

Mwaka mmoja tulikuwa na maharage yaliyotobolewa na wadudu. Tukayatia chini ya debe, mazuri tukayaweka juu. Akaja mjane, jirani yetu, akitafuta mbegu. Akauliza, “Mwalimu, haya yataota?” Tukamjibu kwa tabasamu, “Yataota, mama, usiwe na shaka.” Liangalieni neno hilo. Halikuwa na ukali hata kidogo, lilikuwa neno la kutia moyo, nalo lilimdanganya kuliko debe lenyewe.

Mama yule akainua matuta yake ya duara, kama ilivyo desturi ya Ufipa, amefukia nyasi ndani zioze ziwe mbolea, akapanda. Yakaota hapa moja, pale moja. Hakutushtaki. Aliwaambia watu ya kuwa mvua ndiyo iliyomharibia. Hilo lilitunyima usingizi, kwamba alitutetea pasipo kujua.

Hata tukaenda kwake tukamweleza yote, tumechukua debe la maharage safi. Lakini mvua zilikuwa zikiisha, na huku kwetu majira ya mvua ni mamoja tu, tangu Novemba hata Aprili. Mbegu ile haikufaa tena ila kwa chungu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, “Kumbe, mwalimu. Nami nililaumu mvua.” Akatupa kigoda tuketi. Hakusema kwamba si kitu, wala sisi hatukumwomba aseme hivyo.

Je, mtu akiisha kusema kweli ya namna hiyo, akae na uso wa huzuni siku zote? Twamkumbuka Adrian Atiman wa Karema, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikamatwa utotoni huko Afrika ya Magharibi, akauzwa utumwani. Mapadre wakamkomboa, akafundishwa uganga huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu na kuwafundisha hata alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyeuzwa kama gunia angaliweza kuwahesabu wanadamu wote kuwa wezi, na nani angalimlaumu? Lakini kwa moyo wa namna hiyo mtu hadumu na wagonjwa miaka 67. Wala hakuficha ya kuwa aliuzwa. Alisimulia habari za maisha yake mwenyewe. Twaona basi ya kwamba tumaini lake halikuhitaji kufunika jambo lolote. Letu lilihitaji, siku ile ya debe, kwa hiyo halikuwa tumaini. Lilikuwa biashara.

Tangu hapo, mama yule akija kununua kwetu hutandika mkeka, humwaga debe lote, akachambua kwa mikono mpaka ya chini kabisa. Mwanzo tuliona haya mbele ya watoto wetu, tukatamani aje wakiwa shuleni. Siku hizi watoto wakimwona yuko njiani hukimbia ndani kumletea mkeka, naye hucheka.