Mashine Haina Kinyaa

Mwandishi mmoja ametuonya gazetini: nepi za kitambaa zisitiwe kwenye mashine ya kufulia, kwani zinachafua nguo za wengine na kula umeme, pampasi ni safi na hazisumbui.

Tuanze na uchafu, maana hapo ndipo alipoteleza vibaya. Anadhani nepi huvuliwa mtoto na kurushwa mashineni na mzigo wake, juu ya shati la baba? Kinyesi hukung'utwa chooni. Nepi husuuzwa kwa maji baridi, kwani ya moto yakitangulia doa hung'ang'ania. Kisha hufuliwa peke yake kwa nyuzi 60, sabuni ya kutosha, bila dawa ya kulainisha nguo, inayofanya kitambaa kisinyonye. Beseni la dada wa kazi halifiki nyuzi 60 hata kwa maombi. Mbona hilo halimtii kinyaa?

Umeme? Utafiti wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza wa 2008 ulionyesha kuwa yote hutegemea ufuaji: jaza mashine, usizidishe nyuzi 60, anika nje, mdogo mtu arithi. Kinachoharibu hesabu ni kukausha kwa mashine. Dar es Salaam hii, nani analipia luku akaushe nepi na jua liko uani?

Na hizo pampasi zisizosumbua: plastiki nje, chembe za kunyonya mkojo ndani, kinyesi kimefungwa humo humo hadi dampo la Pugu. Hazimsumbui yeye. Awaulize wanaochambua taka kule.