TAHARIRI: NAULI IMEZIDI MBEGU

Ndugu wanaushirika, mbegu ya nyanya ni nyepesi mno, gramu moja ina mbegu kama 300. Lakini tukiagiza mjini tunalipa kana kwamba tumesafirisha gunia. Basi halitozi mbegu, linatoza kifurushi. Pakiti moja ni kifurushi, na pakiti ishirini ndani ya boksi dogo ni kifurushi vile vile.

Tupige hesabu, maana kisomo tumepata. Tuseme nauli ni shilingi 5,000. Wakulima 10 wakiagiza kila mtu kivyake, zinakwenda 50,000. Wakiagiza pamoja ni 5,000 tu, kila mtu 500. Hizo 45,000 zinatoka kijijini bure, na hata mche mmoja hazioteshi.

Tunasikia wengine wanasema eti hela ya pamoja italiwa. Hofu hiyo si ya kuchekwa. Basi fedha apokee mhazini mbele ya mashahidi wawili, na stakabadhi ya duka na ya basi zibandikwe ubao huu huu. Zisipoonekana tuulize hadharani, hata kama aliyetumwa ni katibu.

Tena si kila mbegu ni ya kununua. Mchicha tukung'ute wenyewe, nyanya za Tengeru 97 tukamue wenyewe. Chotara hapana, jamani, watoto wake hawafanani na mama. Kabichi nayo haitoi mbegu kwenye joto letu hili, hiyo tuagize, na tudai pakiti yenye lebo ya TOSCI.

Majina na fedha vifike kwa mhazini kabla ya Jumamosi.