Kompyuta za bei nafuu zipo, tujifunze kuzitumia

Kuna mazoea yanayozidi kuota mizizi katika idara za lugha za vyuo vyetu vikuu, nayo yafaa kukemewa kabla hayajageuka kuwa sheria. Mwanafunzi wa uzamili huja na mada nzuri: anataka kurekodi wazungumzaji wa Kipokomo, Kidawida au lahaja fulani ya Kiswahili, kisha aifunze kompyuta kuzitambua sauti hizo na kuziandika. Kamati inamuuliza gharama. Anataja bei ya kukodi kompyuta zenye nguvu kutoka kampuni za ng'ambo, jumla inawatisha wakubwa, na mwanafunzi anashauriwa kwa upole asambaze hojaji. Mwaka unaofuata tunapokea tasnifu nyingine kuhusu mitazamo ya wanafunzi wa sekondari kuhusu Sheng.

Sina ugomvi na hojaji, wala na Sheng. Ugomvi wangu ni na ile hesabu. Aghalabu ni hesabu ya bei kamili, ilhali kazi ya namna hiyo haihitaji kulipiwa bei kamili.

Neno "wingu" lina lawama yake katika jambo hili. Mtu akiambiwa kazi inafanyika winguni hudhani ni muujiza, na muujiza hauulizwi bei. Hakuna wingu lolote. Kuna majumba yaliyojaa kompyuta zinazokula umeme usiku na mchana, huko Ireland, huko Marekani, na tangu 2020 hata Cape Town ambako Amazon ilifungua kituo chake. Programu maalumu huigawanya kompyuta moja kubwa vipande vipande, na kila kipande kikawa na tabia zote za kompyuta kamili. Hizo ndizo kompyuta pepe, nazo hukodishwa kwa saa au hata kwa sekunde.

Sasa, kampuni inayofanya biashara hii lazima iwe na kompyuta za kutosha kwa siku ya msongamano. Siku nyingine, nyingi kati yake hukaa bure. Saa ya kompyuta iliyopita bila mpangaji haiuziki tena kesho, sawa na kiti cha ndege iliyokwisha kuruka. Ndiyo sababu mnamo Desemba 2009 Amazon ilianza kuiuza ziada hiyo kwa bei ya chini, kwa sharti moja: mwenye mali akiihitaji, huichukua hapo hapo. Google ilifuata mwaka wa 2015, na Microsoft baadaye. Punguzo hutegemea aina ya kompyuta, mahali ilipo na wakati, lakini laweza kufika asilimia 90. Amazon humpa mpangaji ilani ya dakika 2 kabla ya kumtoa, na wale wengine wawili hutoa sekunde 30 tu.

Mimi huziita kompyuta zinazokatizika. Kauli ya kutendeka inafaa mno hapa, maana haituambii nani atakatiza wala lini. Inatuambia tu kwamba jambo hilo lawezekana.

Hapo ndipo wengi huogopa. Kazi ya saa 100 ikikatizwa katika saa ya 90, si yote yamepotea? Naam, yamepotea, kwa yule asiyehifadhi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Anayejua kazi yake huiagiza programu iandike kila baada ya muda fulani mahali ilipofikia, na iandike katika hifadhi iliyo nje ya kompyuta ile yenyewe, ili ikifunguliwa kompyuta nyingine iendelee kutoka hapo. Wakenya tungepaswa kuwa mabingwa wa jambo hili. Mwalimu aliyekuwa akipiga chapa mtihani wakati wa mgao wa umeme wa mwaka wa 2000 hakuhitaji shahada ili kujua umuhimu wa kuhifadhi.

Lakini ahifadhi kila baada ya muda gani? Akihifadhi kila dakika, kazi yote inakuwa kuhifadhi. Akihifadhi mara moja kwa siku, atalia. Swali hili lilijibiwa mwaka wa 1974 na John W. Young: chukua muda unaotumika kuhifadhi mara moja, uuzidishe kwa muda wa wastani unaopita kati ya katizo moja na jingine, zidisha kwa 2, kisha utafute kipeuo cha pili. Tuseme kuhifadhi huchukua dakika 1, na katizo huja kila baada ya dakika 800 kwa wastani. Mara mbili ya 800 ni 1600, na kipeuo chake ni 40. Basi hifadhi kila baada ya dakika 40. Hiyo ni hesabu ya shule ya sekondari, si elimu ya siri.

Tuipeleke mbele ya kamati. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kompyuta inakodishwa dola 1 kwa saa, na ile inayokatizika senti 30. Kazi ni ya saa 100. Kwa bei kamili ni dola 100. Kwa njia ya pili, kuhifadhi kutachukua takriban dakika 150 kwa jumla. Tutarajie makatizo 8, kila moja likitupotezea wastani wa dakika 20 za kazi na dakika 10 za kuanza upya, yaani dakika 240. Tumeongeza saa 6 na nusu. Saa 106.5 kwa senti 30 hazifiki dola 32. Pengo hilo laweza kumlipia mwanafunzi nauli ya kurudi uwandani kurekodi wazee ambao hakuwapata mara ya kwanza.

Sisemi kila kazi ihamishwe huko. Ofisi ya msajili itakayoweka mfumo wa matokeo ya mitihani kwenye kompyuta moja inayoweza kunyang'anywa kwa ilani ya sekunde 30 inatafuta maandamano. Mahali pa kompyuta hizi ni kwenye kazi inayoweza kungoja: kufunza programu, kuchambua faili elfu za sauti, kuhesabu maneno katika magazeti ya miaka 30. Isitoshe, kompyuta ikichukuliwa, hifadhi huendelea kulipiwa, na kuzitoa data nyingi huko kuna ada yake. Ile tahadhari ya bajeti ambayo kampuni huitoa ni ya kuarifu. Haizimi chochote ila umeiagiza izime.

Kuna pia sheria. Sauti ya mtu anayetambulika ni data yake, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 ina masharti kuhusu kuipeleka data ya namna hiyo nje ya nchi. Bei ikiwa nafuu zaidi Marekani, hiyo si hoja ya kumsahau mzee wa Tana River aliyetupa hadithi zake kwa ridhaa.

Lililobaki ni letu wahadhiri. Somo la mbinu za utafiti lingali linafundisha kuandaa hojaji na kuchagua sampuli. Liongezwe wiki moja ya kuhifadhi kazi na kuendeleza kazi iliyokatizwa. Chuo kiwe na akaunti yake rasmi ya malipo, badala ya kumwachia mwanafunzi atafute mtu mwenye kadi ya benki inayolipa kwa dola. Malighafi tayari ipo: mradi wa Kencorpus umekwisha kukusanya maandishi na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya, na Common Voice ya Mozilla ina sauti za Kiswahili zilizotolewa na watu wa kujitolea. Mwanafunzi anayekuja na bajeti mbele ya kamati aulizwe kwanza kama kazi yake yaweza kukatizwa, na pili kama anajua itaanzia wapi tena ikikatizwa. Akijibu yote mawili, apewe hizo dola 32.