Jenereta Inajiendesha Yenyewe? Wasee, Wekeni Doo Mfukoni

Hii video lazima umekutana nayo: jamaa ameunganisha mota na jenereta kwa mshipi. Anadai mota inazungusha jenereta, jenereta inalisha mota, na stima inabaki ya kuwasha keja yote. Bila mafuta, bila tokeni. Halafu chini kuna namba ya kutuma doo.

Usitume. Hakuna mashine imewahi kutoa nguvu kuliko ile imepewa. Mshipi unasuguana, nyaya zinashika moto, na hiyo yote ni nguvu imeshapotea. Ukiona taa inawaka kwa hiyo video, jua kuna betri ama waya imefichwa mahali.

Na si wale matapeli pekee. Hata mitambo ya ukweli, ile ya mabilioni, lazima ikatwe. Ni kama kutoa pesa kwa simu, makato hayakwepeki.

Tuanze na joto. Mwaka wa 1824, Mfaransa anaitwa Sadi Carnot, hata hajafikisha miaka 30, alionyesha kwamba injini haiwezi kugeuza joto lote kuwa kazi. Lazima lingine litupwe upande wa baridi. Pengo kati ya moto na baridi likiwa dogo, unapata kidogo.

Sasa cheki Olkaria, kule Naivasha. Mvuke ukiwa na joto la digrii 250 na nje ni 25, hesabu ya Carnot inakuruhusu asilimia 43, basi. Na hiyo ni ya karatasi tu. Mitambo ya mvuke wa ardhini duniani hupata karibu asilimia 12 kwa wastani. Yale mawingu meupe unaona ukipita Hell's Gate, mengi ni joto linatupwa. Lakini hilo joto hatulinunui kama dizeli, ndiyo maana Olkaria na wenzake wanatupa karibu asilimia 40 ya stima ya Kenya.

Upepo nao? Kule Loiyangalani, Marsabit, kuna turbaini 365. Hakuna hata moja inaweza kuchukua zaidi ya asilimia 59.3 ya nguvu ya upepo unaopita kwa mapanga yake. Mjerumani Albert Betz alipiga hiyo hesabu. Ukichukua nguvu yote, hewa itasimama nyuma ya mapanga na kuziba njia ya ile inakuja.

Sola pia iko na dari. Tangu 1961 inajulikana paneli ya kawaida haiwezi kupita karibu theluthi moja ya mwanga. Za madukani ziko kwa asilimia 20 hivi. Ukiuziwa ya asilimia 80, toroka.

Lakini kuna makato hayana uhusiano na Carnot. Zaidi ya asilimia 20 ya stima inayoingia kwa gridi yetu hupotea kabla haijalipiwa: laini mbovu, transfoma zimezeeka, na ile sambaza ya mtaani. Sehemu ya hiyo hasara iko ndani ya bei ya tokeni yako.

Hapo ndipo pa kupiga kelele, juu hiyo inaweza kurekebishwa. Na yule wa video akikuletea mashine, mwambie kitu moja tu: achomoe kila waya na betri mbele yako, halafu mkae hapo mwezi mzima mkiangalia kama taa bado inawaka.