Tusiwafungie Vijana Kinanda



Wapendwa, juma hili napenda tutafakari pamoja jambo ambalo parokia nyingi hulihesabu kuwa dogo. Kinanda, ngoma na kayamba hufungiwa sakristia tangu Jumapili jioni hadi siku ya mazoezi ya kwaya, na nje ya ua wa kanisa vijana wasio na ada wala kazi hushinda vijiweni. Naamini kwamba vyombo vile na vijana hawa vimetengwa isivyo haki, na kwamba ni wajibu wetu kuvikutanisha.

Jambo hili si geni katika Kanisa. Mwaka 1841, Mtakatifu Yohane Bosko alianza kuwakusanya vijana maskini wa mji wa Turin, Italia, wengi wao wakiwa wamekuja mjini kutafuta vibarua. Aliwapa katekisimu, michezo na muziki, naye alikuwa akisema kwamba nyumba ya vijana isiyo na muziki ni sawa na mwili usio na roho. Katika nyakati zetu, mwaka 1975, José Antonio Abreu, mwanauchumi na mwanamuziki, alianzisha huko Caracas, Venezuela, okestra ya vijana wachache. Okestra hiyo ilizaa mpango unaojulikana kama El Sistema, ambao umewafikia watoto kwa mamia ya maelfu.

Lakini tusiende mbali. Huko Korogocho, Nairobi, jirani na jaa kubwa la taka la Dandora, Elizabeth Njoroge alianzisha mwaka 2008 mradi wa Ghetto Classics, nao ulipata makao katika ua wa parokia ya Mtakatifu Yohane. Hapo watoto wa mtaa wa mabanda hujifunza fidla, tarumbeta na vyombo vingine, na waliotangulia huwafundisha wanaowafuata. Zingatieni neno hilo la mwisho. Kijana aliyezoea kuitwa mzigo au mhuni anaitwa mwalimu.

Kwa nini muziki wa pamoja una nguvu hiyo? Kwa sababu humfunza mtu mambo ambayo mahubiri pekee hayawezi kumfunza. Anayeimba besi hana budi kuisikiliza sauti ya kwanza. Anayepiga ngoma hujifunza kunyamaza hadi zamu yake ifike. Akichelewa mmoja, wote hukwama, na asipokuja, pengo lake husikika. Kijana ambaye hakuna aliyewahi kuuliza yuko wapi, sasa anaulizwa: jana mbona hukuonekana? Hapo ndipo utu wake unapoanza kusimama. Daudi naye alikuwa mchungaji, mdogo kuliko ndugu zake wote, alipoitwa kumpigia kinubi mfalme Sauli aliyesumbuka rohoni.

Najua majibu yanayotolewa kwenye vikao vyetu. Wapo wasemao vyombo vitaharibika au vitaibiwa. Huenda ikawa hivyo. Kwa hiyo awepo msimamizi, liwepo daftari la kuazimia, na vijana wenyewe wakabidhiwe dhamana. Kinanda huchakaa hata kikifunikwa kitambaa. Wapo pia wasemao muziki hauleti ugali. Hoja hiyo ni nzito, wala sitaki kuipuuza. Wimbo haulipi ada, haumponyi mwenye njaa, wala hauondoi udhalimu unaowafanya watu waishi kando ya jaa la taka. Parokia itakayoanzisha kikundi cha muziki na kuisahau Karitasi itakuwa imewatumbuiza maskini tu. Hata hivyo, kijana aliyekata tamaa hatakwenda hata kujifunza useremala. Ni lazima kwanza aamini kwamba ana kitu cha kutoa.

Kuna hatari nyingine iliyo ndani yetu wenyewe. Tusiwageuze watoto hawa kuwa maonyesho ya kuwaliza wafadhili. Mpango wa Venezuela wenyewe umekosolewa na baadhi ya watafiti kwa ukali wake na kwa kutumiwa na wanasiasa. Vilevile tusiufanye muziki kuwa chambo, tukidai kadi ya ubatizo kabla ya mtoto kushika kayamba. Mlango uwe wazi kwa Mwislamu, kwa Mlutheri na kwa asiyesali popote. Mazoezi yafanyike mchana, mahali pa wazi, mbele ya watu wazima zaidi ya mmoja, ili kila mtoto awe salama.

Wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Nasi tunalikiri Kanisa kuwa Mama. Basi Mama huyu asishangae ulimwengu ukiwafunza watoto aliowafungia mlango.

Naziomba jumuiya ndogo ndogo zizungumzie jambo hili juma hili. Ni nani miongoni mwetu, mwalimu mstaafu au mwanakwaya wa zamani, awezaye kutoa saa mbili kila Jumatano? Halmashauri ya parokia nayo itafakari kumpatia nauli na posho, maana mfanyakazi astahili ujira wake. Gharama si kubwa. Kinachohitajika kwanza ni ufunguo wa sakristia, na moyo ulio tayari kuutoa.

Mungu awabariki nyote.