Ruzuku ni ya mtoto, siyo ya jengo



Leo tuongelee shilingi 10,000. Hiyo ndiyo ruzuku ambayo Serikali inamhesabia mwanafunzi mmoja wa shule ya msingi ya umma kwa mwaka mzima. Wa sekondari anahesabiwa 25,000. Gawanya kwa miezi 12, wa msingi anapata kama shilingi 833 kwa mwezi. Na hata hiyo haifiki yote shuleni, maana sehemu inabakizwa juu kununulia vitabu. Ni hela ya aibu, na tumeshaisema sana.

Lakini kuna watoto wa Kitanzania ambao hata hiyo ya aibu hawahesabiwi. Ni wale wanaosoma shule zisizo za Serikali: za parokia, za misikiti, za asasi, za wananchi waliojichanga. Kwao ni sifuri. Tangu Januari 2016 tunaimbiwa elimu bila ada, na mwaka 2022 kidato cha tano na sita nao wakafutiwa. Vizuri, hatupingi. Ila ukivuka geti la shule ya umma kwenda ya pili, ghafla Serikali haikujui.

Wapo watakaosema, "Hao si watoto wa matajiri? Wajilipie!" Hebu tuambiane ukweli. Tajiri wa kweli wa wilaya zetu mara nyingi hamsomeshi mwanawe hapa, anampeleka Dar, Morogoro au Moshi. Wanaobaki kwenye shule za kulipia za huku kwetu ni mtoto wa mkulima anayesubiri mnada wa RUNALI, mtoto wa bodaboda, yatima anayelipiwa na parokia, binti ambaye mama yake kauza ufuta wote apate bweni ili asitembee porini kwenda shule ya kata. Huyo mama hakutafuta ufahari. Alitafuta mwalimu wa hisabati na usalama wa mwanawe.

Na kipato chake kinategemea nini? Msimu. Mnakumbuka msimu wa 2018/19, Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na wakulima wengi wakasubiri malipo kwa miezi. Mtoto wa shule ya umma alibaki darasani kwa kuwa ada ilishafutwa. Mwenzake wa shule ya kulipia angeegemea nini? Mzazi ni yuleyule, korosho ni ileile, na aliyechelewesha malipo ni Serikali ileile.

Sasa cha kushangaza ni kwamba Serikali hii hii haina tatizo na kanuni yenyewe. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005, inamkopesha mwanafunzi hata akiwa chuo kikuu binafsi. Kijana wa Ruangwa akienda Stella Maris pale Mtwara, chuo cha kanisa, anaweza kupata mkopo wa umma. Kwenye afya ni hivyo hivyo. Watu wetu wanatibiwa Ndanda na Nyangao, hospitali za misheni, na Serikali ina utaratibu wa miaka mingi wa kupeleka watumishi na fedha kwenye hospitali za mashirika ya dini. Mgonjwa anafuatwa na hela ya umma mpaka wodini kwa masista. Mwanachuo anafuatwa. Mbona mtoto wa darasa la nne hafuatwi?

Ubaya zaidi, anaadhibiwa mbele ya safari. Yatima aliyesomeshwa kwa hisani kwenye shule binafsi, akiomba mkopo wa chuo, anatakiwa kuambatisha barua ya mfadhili kuthibitisha kwamba alisaidiwa. Asipoipata, ada ya ile shule inamfanya aonekane mwenye uwezo. Mfadhili kafariki, padre kahamishwa, shirika limefunga ofisi. Nani atamwandikia? Serikali haikumlipia hata senti moja akiwa mdogo, halafu akikua inamwambia wewe tajiri.

Wala hili la ruzuku si jambo geni kusini. Enzi za mkoloni, elimu ya huku ilibebwa na Wabenediktini wa Ndanda na Waanglikana wa UMCA kule Masasi, na dola iliwapa ruzuku. Rais Mkapa mwenyewe alipita Ndanda. Mwaka 1969 shule nyingi za mashirika zikataifishwa ili mtoto asibaguliwe kwa dini yake. Nia ilikuwa njema. Baadaye, Serikali iliposhindwa kubeba mzigo peke yake, ikafungua tena mlango kwa shule binafsi. Mlango ikaufungua, ruzuku ikaiacha nje.

Hoja nzito ya wapinzani wetu ni hii: shule za kata zenyewe hoi, utatoaje hela kwingine? Jibu letu liko wazi. Hatutaki senti moja itoke shule ya kata. Tunataka fungu la ruzuku liongezwe, na hesabu ianze kwa mtoto. Kila mtoto aliyeko shule ya parokia ameacha dawati wazi shule ya umma, na mwalimu wake halipwi na Hazina. Serikali inaokoa fedha kwa jasho la mzazi maskini, kisha inamnyima hata hiyo 10,000.

Pia tusiwe wajinga. Jirani zetu Uganda walipoanzisha elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007, waliingia ubia na shule binafsi na kuzilipa shilingi 47,000 za Uganda kwa mwanafunzi kila muhula. Hela zikawa zinachelewa, wanafunzi hewa wakajitokeza kwenye orodha, na kuanzia 2018 Serikali ikaanza kujitoa. Fundisho lake ni kwamba hela bila usimamizi ni sadaka kwa wajanja.

Kwa hiyo tunataka masharti. Ruzuku iende kwa shule zisizogawana faida tu. Mfanyabiashara wa elimu ajitegemee. Shule inayopokea isipandishe ada kiholela, na mapato na matumizi yabandikwe ubaoni kila mzazi asome. Isibague dini: Muislamu apokelewe shule ya parokia, Mkristo apokelewe shule ya Kiislamu. Na waanze watoto wa kaya zilizomo TASAF, maana orodha ya kaya maskini Serikali inayo tayari. Mwaka 2016 ilizungumzia ada elekezi kwa shule binafsi, kisha ikaachana nayo. Ni rahisi zaidi kuiwekea shule masharti ukiwa na mchango wako ndani yake.

Ruangwa ilimtoa Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, mwalimu kwa taaluma, na kabla ya hapo Naibu Waziri TAMISEMI aliyeshughulikia elimu. TAMISEMI ndiko ruzuku hii inakopitia. Hatusemi hakufanya kitu. Tunasema kama jambo hili halikuguswa wakati mwana wa Ruangwa yuko juu kabisa, basi halitaletwa na undugu wala na picha za kuzindua darasa. Litaletwa na wananchi kuuliza.

Na tuulize. Mkutano wa kijiji ukiitishwa, vijana nendeni, msiwaachie wazee peke yao. Muulizeni diwani: katani kwetu kuna watoto wangapi wanaosoma shule zisizo za Serikali, na wangapi kati yao wanatoka kaya za TASAF? Halmashauri ikikosa jibu, tuwahesabu wenyewe, kitongoji kwa kitongoji, idadi tu, bila kuanika jina la mtoto wala la mzazi. Hesabu hiyo tumpelekee mbunge, wa chama chochote, kabla ya Bunge la bajeti, aseme mbele ya watu kama ataisimamia au la.